Kelele za pawa sapulai kwenye HF: anza na waya kabla hujanunua kitu

Karibu kila mtu anayeanza redio ya HF (masafa ya 3 mpaka 30 MHz) hapa Kampala ananiuliza swali lile lile, mbona bendi ya 40 mita (7 MHz) imejaa kelele, mita ya S ya redio, ile inayopima nguvu ya mawimbi, inasoma S7 S8 usiku na mchana wakati antena iko sawa. Mimi nauliza kwanza redio inakula umeme wa wapi. Mara nyingi ni ile sapulai ya bokisi la bati lenye matundu, ile inayouzwa kwa ajili ya CCTV na taa za LED, kwa sababu ni bei nafuu na ni nyepesi kuliko ile nzito ya transfoma. Sina ugomvi nazo, mimi mwenyewe natumia moja mpaka leo, lakini lazima ujue kelele inazaliwa wapi na inapita njia gani, maana naona watu wanatumia hela kuziba mahali pasipovuja.

Sapulai ya aina hii inachukua 240 ya ukutani, inaigeuza kuwa DC ya kama volti 340, halafu transista zinaikatakata mara elfu nyingi kwa sekunde, mara nyingi kati ya kHz 50 na 150, ndiyo maana inatosha na transfoma ndogo. Sasa ule mkato ni mkali sana, na kitu chochote kinachokatwa kwa ukali namna hiyo kinazaa masafa mengine juu yake. Kama inakata kwa kHz 70 utaikuta kila baada ya kHz 70, inapanda hivyo hivyo mpaka 7 MHz, mpaka 14 MHz na zaidi. Kwenye skrini ya wotafoli, ile inayoonyesha masafa kwa picha, utaona vilima vyenye ukungu vimepangana kwa umbali sawa, na vinahamahama sapulai ikipata moto au ukibonyeza kutuma. Sikioni ni mngurumo mkavu wa 100 Hz, kwa sababu umeme wetu ni 50 Hz na unanyooshwa pande zote mbili. Usichanganye na radi. Sisi tuko pembeni ya ziwa Victoria, radi ni nyingi sana huku hasa usiku, na kwenye 80 na 40 mita zinapasuka hovyo bila mpango, hizo hakuna feraiti (ringi au fundo jeusi la kuzuia kelele kwenye waya) itakayozitoa.

Kabla ya kununua chochote tafuta betri ya volti 12. Washa redio kwa betri, kisha zima meni swichi ya nyumba nzima, halafu angalia mita ya S. Nasema zima nyumba nzima kwa sababu wengi wanahamisha tu waya wa redio kwenda kwenye betri na sapulai wanaiacha kwenye soketi inaendelea kufanya kazi, inapiga kelele vile vile, halafu wanasema aah kumbe siyo sapulai. Ukishaona mita imeshuka rudisha swichi moja moja, chomeka kitu kimoja kimoja, dikoda, chaja za simu, chaja ya laptop, balbu za LED za bei ya chini, router. Vyote hivyo ndani yake ni sapulai ndogo za namna ile ile, na wakati mwingine kichaja cha simu kinapiga kelele kuliko ile sapulai kubwa.

Na umeme ukikatika mtaa mzima usiende kulala! Hiyo ni nafasi ya dhahabu, kaa kwenye redio na betri yako, sikiliza 40 mita ilivyo kweli bila majirani, andika mita inasoma ngapi kila bendi. Umeme ukirudi andika tena. Ile tofauti ndiyo kiasi unachopigania, na bila kuijua utakuwa unafunga feraiti kwa kubahatisha.

Sasa tuje kwenye waya, hapa ndipo nataka mnielewe vizuri. Wimbi la 7 MHz lina urefu wa kama mita 42, bokisi lenyewe ni dogo mno, haliwezi kulirusha vizuri. Kinachorusha ni waya zinazotoka humo, waya wa ukutani ambao umeungana na waya zote za nyumba, na waya wa DC ambao umeungana na redio na kwa nje ya koaksi (kebo ya antena) mpaka juu kwenye antena. Kelele inatembea kwenye waya zote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, laini na nyutro zinaibeba sawasawa, plasi na mainasi zinaibeba sawasawa, kwa hiyo waya zinakuwa antena. Ndiyo maana kuifunga sapulai kwa foili ya jikoni hakusaidii kitu, foili haigusi njia inayotumika.

Dawa yake ni feraiti, na siyo ile ya kubana kwa klipu unayoipitisha mara moja tu. Ile moja kwenye 7 MHz inakupa ohm chache, kama kumi kadhaa hivi, huwezi hata kusikia tofauti. Siri iko kwenye raundi. Ukizungusha waya raundi mbili ukinzani unazidi mara nne, raundi tano mara ishirini na tano, unapanda kwa mraba. Ringi kubwa ya inchi 2.4 ya feraiti aina ya 31, raundi 12 mpaka 14 za waya wa ukutani, inakupa ohm elfu kadhaa kwenye 80 na 40 mita. Aina ya 43 nayo inafaa, hasa ukipanda bendi za juu. Usijaze raundi mpaka ringi ifunikwe, zikizidi sana zinaanza kupitishiana kelele zenyewe kwa zenyewe na bendi za juu unazipoteza.

Kuziagiza hizo ringi ni ghali, najua. Nenda kwa mafundi wa TV na kompyuta, au kwa wauza skrepa Katwe na Kisenyi, uliza yale mafundo meusi yaliyo kwenye kebo za monita za zamani, uliza ile ringi kubwa iliyo shingoni mwa TV za kioo kinene. Huwezi kujua ni aina gani kwa macho, zungusha waya ujaribu, ikishusha mita ibaki. Ila zile ringi za njano zenye upande mmoja mweupe ndani ya sapulai za kompyuta ziache, hizo ni unga wa chuma, kwa kazi hii hazifai.

Funga pande zote mbili, AC na DC, na ringi ikae karibu kabisa na sapulai, siyo mita mbili mbele, maana kile kipande kilichobaki katikati nacho kinarusha. Upande wa DC pitisha plasi na mainasi pamoja kwenye ringi hiyo hiyo. Redio ya wati 100 inavuta kama ampia 20 ukituma, ukipitisha plasi peke yake ule mkondo unaishibisha feraiti na inaacha kufanya kazi, lakini zikipita pamoja zinafutana na kelele peke yake ndiyo inazuiwa. Waya ni mnene raundi zitakuwa chache, basi panga ringi mbili tatu mfululizo.

Halafu ethi, yaani waya wa ardhini, hili ni tatizo letu kabisa. Nyumba nyingi, hasa hivi vyumba vya kupanga, soketi ina matundu matatu lakini lile la ethi nyuma yake hakuna kitu. Ndani ya filta ya sapulai kuna kapasita ndogo zinazotoka laini na nyutro kwenda kwenye bati, kazi yake ni kurudisha kelele ardhini. Ethi isipokuwepo zinalipandisha bati mpaka karibu nusu ya volti za ukutani, ukigusa redio unasikia inakuwasha vidole, na ile kelele inakwenda moja kwa moja kwenye DC. Mwite fundi umeme mwenye leseni apige fimbo ya ethi, na kama una fimbo nyingine ya antena ziunganishwe zote pamoja. Usikate ethi eti kelele imepungua, hiyo ni kucheza na maisha yako na ya watoto wanaogusa hapo mezani.

Sapulai nyingine za bei ya chini ukizifungua unakuta nafasi ya koili ya filta imechorwa kwenye bodi lakini wameweka vipande vya waya tu. Unaweza kuongeza, lakini kapasita za mle zinashika volti 340 hata baada ya kuchomoa, kama hujazoea usiguse. Nafuu zaidi tafuta soketi ya nyuma yenye filta kutoka kwenye mashine ya fotokopi au UPS iliyokufa, ile ya boksi la chuma, ampia ziangalie zitoshe, na ifungwe chuma kwa chuma kwenye bati la sapulai.

Kama baada ya hayo bado unasumbuka, achana na sapulai wakati wa kuongea. Betri na sola, chaji mchana, usiku unaongea kwa betri peke yake, maana kontrola za sola, zile zinazosimamia chaji, hasa aina ya MPPT, nazo zinapiga kelele jua likiwaka lakini usiku paneli haileti kitu. Redio nyingi zinakubali volti 13.8 kuzidi au kupungua kwa asilimia 15, yaani kushuka mpaka kama 11.7, angalia kwenye kitabu cha redio yako.

Na ikiwa kelele inatoka kwa jirani nenda na redio ndogo ya AM mkononi, usiende na lawama. Mwambie mama wa jirani au mzee wa pale, sikilizeni hii, chaja yenu inalia namna hii, naomba niwabadilishie na nyingine bure. Wanaonikatalia ni wachache sana.