Je, mita ya umeme inapeleka taarifa zangu ofisini?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Mita yetu ya LUKU iko juu ya nguzo, ndani tuna rimoti tu. Jirani amefungiwa mita janja: akinunua umeme, yuniti zinaingia zenyewe. Anadai sasa TANESCO wanaona hadi saa anayopiga pasi. Kweli? Na yangu je? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Marahaba. Yako haina mdomo wa kufika ofisini. Rimoti inaongea na mita ya nguzoni tu, mara nyingi kupitia waya uleule wa umeme, ndiyo maana unaichomeka kwenye soketi. Zile namba 20 unazopewa ukinunua umeme ni ujumbe uliofungwa, na mita yako pekee ndiyo inayoweza kuufungua. Ndani mna kiasi cha yuniti na muda wa kununua, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024, ndipo ukaja ule usumbufu wa kuingiza namba za ziada. Ofisini wanajua umenunua lini na kiasi gani, basi.

Mita janja inapokea na kutuma. Hurekodi matumizi kwa vipindi, kwa kawaida dakika 15 au 30. Baadhi zina laini ya simu ndani yake. Nyingine hutuma kwa waya wa umeme: umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani hutikisika mara 50 kwa sekunde, na juu yake hupandishwa mawimbi dhaifu ya makumi ya maelfu ya Hz yanayobeba taarifa. Mawimbi hayo hayavuki transfoma vizuri, kwa hiyo pale kwenye transfoma hufungwa kisanduku kinachokusanya taarifa za mtaa mzima, kisha chenyewe ndicho kinachotuma kwa mtandao wa simu. Chaja za ovyo huyavuruga, na mita iliyo mbali hupitishia ujumbe wake kwa mita ya karibu.

Sasa pasi. Mita haiioni. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kuanzia saa 12:00 hadi 12:30 asubuhi, kinachoonekana ni nusu yuniti imeliwa. Ingeweza kuwa hita ya maji. Ila nyumba isiyo na watu wiki nzima inajulikana upesi, na hilo si dogo. Uholanzi mwaka 2009 Seneti ilikataa kuwalazimisha watu kufungiwa mita hizi, faragha ikiwa hoja kubwa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo jirani anaweza kuuliza rasmi taarifa zake zinatumika kwa kazi gani.