Mzee kaacha sambaza kwa ajili ya moyo? Mrudishieni

Dada uliyeuliza kama mzee aendelee kunyimwa sambaza (vile visamaki vya Ziwa Kivu) na maziwa kwa vile dokta alisema "kalsiamu haiendi vizuri" moyoni tangu shambulio la moyo: sisi hapa Kadutu, Bukavu, tulifanya kosa hilohilo. Wiki sita baba alikodolea macho sahani zetu, na kilima cha kutoka sokoni bado alikipanda kwa vituo vitatu.

Kalsiamu aliyoitaja dokta si ya sahani. Ile ya damu mwili unaipima wenyewe, unywe maziwa usinywe. Shida iko ndani ya seli za msuli wa moyo. Kila pigo, kalsiamu kidogo huingia kutoka nje, nayo hufungua ghala la ndani linalomwaga nyingine nyingi zaidi, msuli unakaza. Kisha pampu iitwayo SERCA huirudisha ghalani, msuli unalegea, moyo unajaa damu. Baada ya shambulio, sehemu iliyokufa inakuwa kovu na seli zilizobaki zinabeba mzigo wote. Moyo ukianza kuchoka, pampu inazembea, na ghala linavuja hata kati ya pigo na pigo. Kukaza kunapungua, kulegea kunachelewa, na uvujaji huo unaweza kuzusha mapigo ya ovyo. Ndiyo vile vituo vitatu vya baba.

Na bila kalsiamu hakuna pigo kabisa. Nikiwa mwanafunzi hapa Bukavu tulifunga moyo wa chura kwa uzi, tukaumwagia maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu. Ulipiga, ukapiga kinyonge, ukanyamaza. Mwenzangu akasema tumeuua. Mwalimu akadondosha kalsiamu kidogo, tukangoja, uzi ukaanza kuvuta tena. Daktari Mwingereza Sydney Ringer alilieleza hilo huko London mwaka 1883: moyo wa chura wake ulikuwa umedumu kwa sababu maji ya bomba aliyotumia yalikuwa na kalsiamu.

Dawa zinazoitwa vizuia kalsiamu, kama amlodipini, nazo zisiwatishe: zinabana milango ya kalsiamu kwenye seli, hazihusiani na chakula. Vidonge alivyoandikiwa mzee asiviruke hata siku moja, hata akijisikia mzima.

Cha kuchunga ni chumvi, maana inavuta maji mwilini na miguu inavimba. Mama siku hizi anakaanga sambaza mbichi kwa ndimu na pilipili tu. Baba analalamika hazina ladha, ila sahani inarudi jikoni tupu.