Ukipitisha parameta kwenye moduli ya kerneli, hakikisha imefika

Kwenu mnaoanza kuandika moduli za kerneli ya Linux, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa ndani ya kiini cha mfumo: kabla hamjaanza kuipekua kodi ya programu yenu, hakikisheni kwanza kwamba parameta mliyoipitisha, yaani thamani mnayoipa moduli wakati wa kuipakia, imefika. Nalisema hili kwa sababu lilinikesha. Nilikuwa na moduli ndogo ya majaribio, ndani yake kigeu `idadi` chenye thamani ya mwanzo 5, na chini yake `module_param(idadi, int, 0444);`. Nikaipakia hivi:

`sudo insmod hesabu.ko idaid=20`

Ikapakia bila neno. Matokeo yakabaki 5. Nikasoma kodi mstari kwa mstari hadi alfajiri, kumbe herufi mbili zimepishana. Kerneli za siku hizi hazikatai parameta zisizozijua. Huzipita tu na kuacha ujumbe kwenye `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli: `unknown parameter 'idaid' ignored`. Ujumbe ulikuwepo muda wote, sikuufungua. Ukikosea thamani mambo ni tofauti: `idadi=ishirini` itakataliwa palepale na moduli haitapakiwa.

Tangu siku hiyo, nikishapakia tu naandika `cat /sys/module/hesabu/parameters/idadi`. Ukiona 20, endelea na kazi. Faili hilo lipo tu kama ruhusa uliyoweka mwishoni mwa `module_param` (kwangu 0444) si 0.

Na hizo ruhusa zifikirieni vizuri, maana hapa ndipo wengi huumia. 0444 ni ya kusoma tu. Ukiweka 0644, mwenye ruuti, yaani mamlaka yote ya mashine, anaweza kubadilisha thamani moduli ikiwa inafanya kazi, na moduli yako haitaarifiwa. Tuseme wakati wa kupakia ulitenga kumbukumbu ya vitu 20, na kitanzi chako kinazunguka kwa kufuata `idadi`. Mtu akiandika 2000 kwenye lile faili, kitanzi kitatoka nje ya kumbukumbu yako, na ndani ya kerneli hakuna wa kukuzuia kama kwenye programu za kawaida. Mashine nzima inaweza kuanguka. Basi tumia `module_param_cb`, inayoita kodi yako thamani inapowekwa, uikague kila thamani mpya, au baki na 0444. Mimi hubaki na 0444. Hata hivyo, thamani ya kwanza nayo ikague ndani ya init, sehemu ya kodi inayoendeshwa moduli ikipakiwa: nani kasema hatakupa -3?

Maneno yenye nafasi katikati yafunge mara mbili kwa alama za nukuu, kwa kuwa sheli, programu inayosoma amri zako, hula alama za nje: `'salamu="Habari za asubuhi"'`. Orodha hutenganishwa kwa koma bila nafasi.

Ukitaka thamani idumu, weka `options hesabu idadi=20` kwenye faili la `.conf` ndani ya `/etc/modprobe.d/`. Linasomwa na `modprobe`, amri nyingine ya kupakia moduli. Lakini `insmod` hailitazami kabisa. Na moduli ikiwa imeshapakiwa, iondoe uipakie upya, vinginevyo hutaona badiliko.

Kila parameta iandikieni maelezo kwa `MODULE_PARM_DESC`, na mtaje kipimo chake, sekunde au milisekunde. Atakayerithi moduli yenu ataanza na `modinfo -p hesabu.ko`, inayoonyesha maelezo hayo.