Maswali na majibu: kadi ya grafiki ya mtumba au mpya?

Safari hii karibu barua zote ni za kadi za grafiki, na karibu zote zimesahau jambo lilelile. Hakuna anayetaja pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme.

Kadi gani ni nzuri kwa gemu? (Gulu)

Gemu zipi, skrini gani, pawasaplai ya wati ngapi, mfukoni kuna kiasi gani? Andika tena.

Nina Dell OptiPlex iliyotoka maofisini Uingereza. Kuna jamaa ananiuzia RTX 3060 ya mtumba kwa bei ya kirafiki. Nichukue? (Jinja)

Mwachie kadi yake. Hizo mashine ziliundwa kwa kuandika barua na kupiga hesabu. Nyingi zina pawasaplai ya kati ya wati 180 na 290, bila waya wa kulisha kadi, na mara nyingi plagi inayoingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ni ya Dell peke yake, kwa hiyo usitegemee kuchomeka pawasaplai yoyote ya dukani. RTX 3060 yenyewe inakula wati 170, na Nvidia, watengenezaji wa chipu yake, wanashauri pawasaplai ya wati 550.

Sasa fundi atakuambia usijali, kuna adapta ya kugeuza waya wa diski uwe waya wa kadi. Mwambie asante, uondoke. Plagi ya SATA, yaani ya huo waya wa diski, inahimili wati 54 hivi. Nimezishika zilizoungua: plastiki imekuwa nyeusi, imegandamana na pini, haichomoki bila koleo.

Kwenye mashine hiyo tafuta kadi inayokula umeme wa sloti inamochomekwa tu, yaani isiyozidi wati 75. Kuna GTX 1650 zisizo na tundu la waya, na kuna RTX 3050 yenye memori ya 6GB inayokula 70. Angalia vizuri hiyo 6GB, kwa sababu RTX 3050 ya 8GB ni kadi nyingine kabisa na inataka 130. Na kama kasha lako ni lile jembamba, kadi ya kimo cha kawaida haitaingia hata uisukume kwa goti.

Naweza kuweka kadi kubwa ndani ya laptop yangu? (Masaka)

Hapana.

Nimeambiwa nisiguse kadi iliyochimba sarafu za kidijitali. (Mbarara)

Hofu hiyo imekaa mno. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliachana na uchimbaji wa kutumia kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi za wachimbaji zilimwagwa sokoni tangu wakati huo. Chipu inayokaa kwenye joto lisilopanda na kushuka haiumii kama watu wanavyohubiri. Kinachochoka ni feni na pedi za kupooza memori, na wapo wachimbaji waliobadilisha BIOS ya kadi, yaani programu yake ya ndani, na kusahau kuirudisha. Yote hayo hurekebishika.

Mimi naogopa zaidi kadi iliyotoka kwenye kibanda cha gemu kando ya barabara ya murramu. Imekula vumbi jekundu, umeme ukikatika na kurudi juu yake bila UPS wala stabilaiza, halafu ikapanguswa kwa kitambaa na kuitwa "safi kabisa".

Iwe ya mchimbaji au ya kibandani, ipeleke kwenye mwanga. Skrubu zenye vichwa vilivyokwaruzwa maana yake ilishafunguliwa. Uliza kwa nini. Ukiona mafuta yanachuruzika ukingoni, hizo ni pedi zinazotoa jasho. Zungusha feni kwa kidole: ikiyumba au ikikwaruza, bei ishuke hapohapo. RTX 3080 na 3090 zichunguze mara mbili, maana memori yake ya GDDR6X huchemka sana hata kwenye mikono mizuri.

Pesa yangu inafika RTX 4060 mpya au RTX 3070 ya mtumba. Ipi? (Ntinda, Kampala)

Hatimaye swali lenye akili. Kwa kasi tupu 3070 inashinda. Zote zina 8GB, kwa hiyo hapo hakuna wa kumcheka mwenzake. Lakini 3070 inakula wati 220 na 4060 inakula 115, na 4060 ina ile teknolojia ya Nvidia ya kuzalisha fremu, yaani picha za ziada katikati ya zile za gemu, ambayo 3070 haikupewa.

Kwangu mimi, mtumba ukifika robo tatu ya bei ya mpya, nunua mpya. Ukiwa chini ya hapo, na muuzaji akakubali uichezeshe gemu nzito nusu saa mbele yake huku ukisoma joto, chukua 3070. Akikataa umejibiwa.

Ila "mpya" nayo ina ujanja wake. Mashine ya kufungia nailoni si ghali, kwa hiyo boksi lililofungwa si ushahidi. Kadi iliyokuja ndani ya sanduku la msafiri kutoka Dubai, garantii yake imebaki Dubai. Na bei uliyotajiwa, uliza kama ina VAT ya asilimia 18 na risiti halisi, si kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu "garantii wiki moja".

Nairobi bei iko chini. Nitume pesa kwa simu, kadi ije na basi? (Busia)

Usitume. Panda basi wewe.

Nimepata GTX 1050 Ti ya 4GB kwa bei ya kutupa, ina hadi tundu la VGA la skrini yangu ya zamani! (Arua)

Ndugu yangu, hilo tundu ndilo linalomuumbua muuzaji. Chipu za kizazi hicho hazitoi VGA. Karibu hakika hiyo ni kadi ya zamani, mara nyingi GTS 450, iliyobandikwa jina jipya kwenye BIOS. Fungua GPU-Z, programu inayosoma chipu ya kadi: ikiona udanganyifu huo, itaandika FAKE kabla ya jina. Fanya hivyo kabla ya kulipa, tafadhali. Barua za "nimeshalipa" nimechoka kuzijibu.

GTX 1060 bado inafaa? (Mbale)

Kwa kandanda na gemu za zamani, ndiyo, ikiwa ya 6GB. Ile ya 3GB imepunguzwa hata viini vya kupiga hesabu, 1152 badala ya 1280, ingawa jina ni lilelile. Nvidia waliacha kuitolea GTX 1060 draiva mpya za gemu, yaani programu za kuiendesha, Oktoba 2025. Zilizobaki ni za usalama tu, hadi Oktoba 2028. Muuzaji akikutajia bei ya mwaka juzi, mtajie tarehe hizo.