Usinunue prosesa yenye F mwishoni: nilivyolipia kadi mbili Kigoma kwa ugonjwa usio wa kadi

Mkuu, usitume hiyo hela. Nimeisoma orodha uliyopewa na duka mara mbili: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-12400F, kadi ya grafiki (inayotoa picha kwenye skrini) ya NVIDIA RTX 4060, RAM ya 16, SSD ya nusu tera, jumla milioni mbili na laki nane. Umesema uko Tabora, kazi yako ni kuhariri video za harusi, na umeuliza kama prosesa hiyo inafaa, kama draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) za kampuni ya AMD ni mbovu kweli, kama RAM itatosha, na skrini gani ina rangi za kuaminika. Mimi nimekwama kwenye herufi ya mwisho ya prosesa, hiyo F. Ndiyo iliyonila milioni moja na ushee hapa Kigoma, na naona watu sita wamekujibu hapo juu bila hata mmoja kuigusa.

F kwa Intel maana yake prosesa haina grafiki, yaani sehemu ya kutengeneza picha ya skrini, ndani yake. Haina maana nyingine yoyote. Kompyuta ya namna hiyo ina jicho moja tu, nalo ni kadi. Kadi ikisumbua, au draiva ya kadi ikivurugika, huna pengine pa kuchomeka waya wa skrini. Tundu la HDMI kwenye mazabodi (ule ubao mkuu unaobeba vyote) lipo, unaliona, unachomeka, na halitoi kitu.

Mimi yangu niliinunua mwishoni mwa 2022. Nilimuuliza muuzaji hiyo F ni ya nini, akanijibu bila kusita: "F ni fasta, kaka. Watu wa video wote wanachukua hiyo." Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Isiyo na F ilikuwa juu kwa elfu sitini, na mimi nikamshukuru kwa kuniokolea elfu sitini. Intel wenyewe walipozitoa Januari 2022, bei elekezi ya 12400 ilianzia dola 192 na ya 12400F dola 167. Dola 25 zile zilikuwa ni bei ya jicho la pili, na mtu anayeuza prosesa kila siku ya Mungu alinidanganya kwamba nililoliacha ni polepole. Kama hakujua, angesema hajui. Nina hasira naye mpaka leo.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mei 2023 nilikuwa na video ya harusi ya binti mmoja wa Gungu. Familia ilitaka ionyeshwe siku ya kuvunja kamati, Jumamosi ya wiki inayofuata. Alhamisi usiku nikaona draiva mpya ya kadi imetoka, nikasema niiweke kabla sijaanza kuunganisha vipande. Faili lenyewe lilizidi megabaiti 600, nikalishusha kwa bando la simu. Likaanza kujiweka, skrini ikazima na kuwaka mara moja kama kawaida yake, na hapo hapo umeme ukakatika. Sikuwa na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Umeme uliporudi nikawasha. Nembo ya mazabodi ikatokea, nzuri kabisa, rangi zake zote. Vile vidoti vya Windows vikazunguka mara tatu nne. Kisha giza totoro. Feni za kadi zinazunguka, kibodi inawaka taa, skrini inaandika hakuna mawimbi. Nikazima, nikawasha. Nembo, vidoti, giza. Nikahamisha waya kwenye mazabodi, sikuona hata hiyo nembo.

Naomba uikumbuke hiyo nembo, kwa sababu mimi niliitazama usiku kucha na sikuielewa.

Asubuhi nikamwita fundi. Akafungua kasha, akanusa kadi, akaigusa mgongoni, akasema, "Chipu imeungua, mzee. Umeme huu." Hakuipima kwenye mashine nyingine. Hakuniuliza nilikuwa nafanya nini umeme ulipokatika. Elfu thelathini yake akaweka mfukoni akaondoka. Mimi nikaamini, maana chochote kikizima hapa kwetu lawama ya kwanza ni umeme, na mara nyingi ni kweli.

Kesho yake nikaifunga kadi kwenye taulo, nikaiweka kwenye boksi la viatu, nikaituma Dar kwa basi. Zaidi ya kilomita 1,200. Na kwa kuwa siku zilikuwa zinakimbia, nikamwagiza jamaa Kariakoo anitumie nyingine kama ile ile, iliyotumika, laki sita na ishirini. Wewe utauliza kwa nini sikuchomoa diski nikaenda kumalizia kwenye mashine nyingine. Nilikuwa na laptop ya zamani, ilishindwa kucheza hata sekunde kumi za zile picha za 4K, na studio nilizozijua mjini zilikuwa na harusi zao.

Kadi ya pili ikafika Jumanne jioni. Nikaichomeka mikono inatetemeka. Nembo. Vidoti. Giza.

Fundi akaja tena, akasema basi ni mazabodi. Jumatano Dar wakapiga simu: kadi yako nzima, tumeiweka kwenye mashine yetu ikacheza gemu saa nzima, tuletee elfu ishirini ya kupima. Hapo nikakaa chini kwenye sakafu ya studio. Nina kadi mbili nzima, na kompyuta haionyeshi kitu.

Jumamosi ikafika. Kamati walikula pilau, turubai la projekta likabaki jeupe. Yule mama hakunigombeza. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, ungesema mapema tungetafuta mwingine." Kati ya laki sita alizonilipa nilimrudishia laki nne siku ile ile. Ukijumlisha kadi ya pili, fundi, na elfu thelathini na tano ya nauli za vifurushi na kupima, ni milioni moja na elfu themanini na tano.

Jumapili akaja kijana wa jirani, yuko chuo, amerudi likizo. Akaniuliza swali moja: "Anko, ukiwasha, nembo inatokea?" Nikamwambia inatokea. Akasema, "Basi kadi haijafa. Kadi iliyokufa kabisa haichori nembo. Inayozima ni draiva, Windows ikishaiita."

Akawasha, vidoti vilipoanza akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka ikazima. Akafanya hivyo mara tatu. Safari iliyofuata Windows yenyewe ikaleta ukurasa wa buluu wa matengenezo. Akaingia kwenye mipangilio ya kuwasha, akabonyeza 4, na skrini ikaja, maandishi makubwa, Safe Mode kwenye pembe zote. Hapo Windows haitumii draiva ya kadi kabisa. Akachomeka flashi yenye programu ya bure inaitwa Display Driver Uninstaller, ikafagia draiva iliyokuwa nusu nusu. Akanikataza kuwasha data ya simu, kwa sababu Windows ikiona intaneti inajiletea draiva yake katikati ya kazi. Akaweka draiva kamili kutoka kwenye flashi. Dakika ishirini. Nikamwandalia ugali na migebuka, hela alikataa.

Najua kuna wakuu watakuja kusema, "Sasa kumbe tatizo lilitatulika hata na F, kwa nini unaisema prosesa?" Nawajibu kabisa. Kwa sababu sikuwa na namna ya kujua tatizo ni lipi. Ningekuwa na 12400 ya kawaida, Alhamisi ile ile usiku ningechomoa kadi, nikachomeka waya kwenye mazabodi, Windows ingefunguka, ningeona kila kitu kipo isipokuwa kadi, na mtu angeniambia kadi imeungua ningemwonyesha. Ningeshusha draiva upya kwenye mashine ile ile. Na hata kama kadi ingekuwa imekufa kweli, ningekata ile video kwa polepole na kamati wangeiona. Aliyeko Dar anavuka barabara anaazima kadi ya kupimia. Wewe Tabora na mimi Kigoma kadi ya kuazima tunaisubiri stendi.

Na kuna jambo nililigundua baadaye ambalo kwa kazi yako ni zito zaidi. Kama kamera yako ni Sony ya sasa na unarekodi 4:2:2 ya biti 10 kwa H.265 (video yenye rangi nyingi zaidi, iliyobanwa ili faili liwe dogo), hiyo RTX 4060 haina uwezo wa kuifungua kwa maunzi yake. NVIDIA walianza kuiweka kwenye RTX 50, mwaka 2025. Grafiki ya ndani ya Intel inaifungua tangu prosesa zao za kizazi cha 11. Maana yake orodha uliyopewa, F pamoja na 4060, itakufanya uburute video kwa nguvu ya prosesa tupu, inakatakata kila ukisogeza. Toa F, acha kadi ile ile, na Premiere, programu ya kuhariri, inatumia grafiki ya ndani kufungua picha huku 4060 ikifanya rangi. Elfu chache hizo unazirudisha harusi ya kwanza.

Kwa AMD herufi zinachanganya zaidi. Ryzen 5 5600 na 5600X hazina grafiki ingawa hakuna F popote. Yenye grafiki ni 5600G. Kuanzia Ryzen 7000 nyingi zina grafiki ndogo ya ndani, ila 7500F na 8400F hazina. Kwa hiyo usiridhike kwamba huoni F. Fungua ukurasa wa AMD wa prosesa husika, usome pameandikwa nini kuhusu grafiki.

Draiva za AMD mbovu? Wote watatu, AMD, NVIDIA na Intel, wamewahi kutoa mbovu. Oktoba 2023 AMD walitoa draiva yenye Anti-Lag+, kitu cha kupunguza uchelewaji kwenye gemu, ikawafungisha watu akaunti kwenye gemu la Counter-Strike 2, wakaiondoa. Mwanzoni mwa 2025, RTX 50 zilipotoka, NVIDIA walitoa marekebisho ya haraka mfululizo kwa sababu ya skrini kuwa nyeusi. Kadi za Intel Arc zilipoingia 2022 gemu za zamani zilikuwa zinajikokota, wakazirekebisha kidogo kidogo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni, draiva ikiharibika usiku una mlango gani wa kuingilia. Ukiwa na NVIDIA, chukua zile wanazoziita Studio, wanazitoa tangu 2019 kwa ajili ya watu wa kazi kama yetu, na usiweke mpya ukiwa na kazi ya mtu mkononi. Lile kosa la Alhamisi lilikuwa langu mwenyewe.

Ukiambiwa upunguze gharama kwa kuchukua kadi ya zamani ya NVIDIA, GTX 1060 au 1050 Ti, kataa. NVIDIA walishatangaza kwamba draiva za kawaida za kizazi hicho mwisho wake ulikuwa Oktoba 2025, kinachobaki ni viraka vya usalama hadi Oktoba 2028. Na wakikupa prosesa ya i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, fahamu kwamba 2024 Intel walikiri zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika. Walitoa kiraka cha BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows), lakini hakiponyi iliyokwisha kuumia. Hizo ndizo zilizokuwa zinaangusha gemu na kuandika kwamba kumbukumbu ya kadi imeisha, watu wakaanza kulaumu kadi na draiva bure. Unaona inavyofanana na yangu?

Mashine ikifika, siku ya kwanza kabla hujaweka hata Premiere, ingia BIOS utafute iGPU Multi-Monitor (iGPU ndiyo grafiki ya ndani) uiwashe, maana mazabodi nyingi zinazima grafiki ya ndani zikiona kadi. Kisha hamisha waya wa skrini kwenye mazabodi na uhakikishe unaona picha. Ukiona, rudisha kwenye kadi. Weka draiva ya kadi na ile programu ya kufagia kwenye flashi, flashi uifunge kwa selotepu ndani ya kasha. Yangu ipo humo tangu Mei ile. Na nunua UPS, hata ndogo.

Ulisema unatuma hela Ijumaa. Mpigie muuzaji leo, mwambie akusomee jina lote la prosesa mpaka herufi ya mwisho kama lilivyo kwenye boksi, kisha akupigie picha. Akikwambia F ni fasta, mwambie akutolee i5-12400 tupu, na kama hana, weka hapa orodha ya duka lingine nitaisoma usiku huu huu.