Acheni kusokota matambara kwa mkono

Wiki iliyopita dada mmoja wa Arusha, mfanya usafi kwenye jengo la ofisi, aliniandikia: "Dada, mkono wa kulia unakufa ganzi usiku mpaka naamka. Nikimwambia supavaiza atasema nategea kazi. Nifanyeje?" Nilisoma mara mbili nikaiweka simu pembeni. Yaani ni mimi mtupu.

Nimedeki sakafu za watu Dar es Salaam miaka tisa. Ghorofa nne, na ngazi zake na vyoo vyake, tunaanza saa kumi na moja alfajiri wenye ofisi bado wamelala. Na nilikuwa na sifa yangu: hakuna aliyekamua tambara kama mimi. Ndoo yenye kikamulio ilikuwepo stoo, nikaiona ya wavivu. Nalikunja tambara kama kamba, nalisokota mpaka halina tone. Wenzangu wakawa wananiletea ya kwao niwamalizie, nami nafurahi! Ujana nao una ujinga wake.

Kilianza kidole gumba, kikafuata cha shahada, kisha cha kati. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa, ndiyo maana nikadhani nimelalia mkono vibaya. Saa nane usiku nakurupuka, naukung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa. Nikachuliwa kwa mafuta ya nazi. Nikameza vidonge vya maumivu, diklofenaki za duka la dawa, tena tumbo tupu, tumbo nalo likaanza kuwaka moto. Asubuhi moja nikashindwa kumfunga mwanangu vifungo vya shati la shule. Viwili tu. Akanitazama, akasema, "Mama acha, nitafunga mwenyewe."

Hospitali ndiko nilikoelezwa kwamba kuna neva, yaani mshipa wa fahamu, inapita kwenye kijia chembamba kifundoni mwa mkono. Ukikunja na kusokota kifundo kutwa nzima, kano zinazopita humo zinavimba na kuibana. Kumbe hakuna siku moja niliyoumia. Niliumia tambara moja baada ya jingine, huku nikisifiwa.

Kampuni niliyokuwa nayo, siitaji, haikuongeza mkataba wangu. Supavaiza alisema mbele za watu, "Mgonjwa hafagii." Maneno yale hayajanitoka mpaka leo.

Leo nina watu sita ninaofanya nao usafi, na kwangu hakuna kusokota kwa mkono. Ndoo yenye kikamulio, basi. Ukikosa, zungushia tambara kwenye bomba, shika ncha zote pamoja, uzivute kwako kifundo kikiwa kimenyooka. Mpini wa dekio ufike karibu na kidevu. Mfupi unakuinamisha, na kiuno hakikusamehe. Unapodeki geuka kwa miguu, usijipinde kiunoni. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 na zaidi: beba nusu, rudi tena. Sabuni ya chooni iache dakika chache ifanye kazi yake kabla hujaanza kusugua kwa hasira. Na badilishaneni kazi, anayesugua asubuhi mchana apanguse meza. Wanawake wenzangu, hakuna medali ya kuumia! Tunajisifu uvumilivu huku wenye majengo wanatafuta mwingine.

Wala usidanganywe kwamba haya ni maradhi yako ya nyumbani. Tanzania Bara ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchango wake analipa mwajiri, wewe hukatwi kitu. Si wa walioanguka ngazini tu. Magonjwa yanayotokana na kazi nayo yamo. Mimi sikuyajua hayo. Nilitoka na barua yangu mkononi nikalia ndani ya daladala mpaka Mbagala.

Sasa wewe mdogo wangu wa Arusha. Usiku lala kifundo kikiwa kimenyooka, usikikunje chini ya mto. Kesho usiende duka la dawa, nenda hospitali, umweleze daktari kazi unayofanya na namna unavyokamua, na uhakikishe ameandika. Karatasi hiyo ndiyo utakayompelekea supavaiza. Ukirudi niandikie, na uniambie kama kidole cha mwisho nacho kinakufa ganzi au kimebaki kizima kama changu.