Muulize Bibi wa Kuku: Silki sita, jogoo ni yupi?

*Shikamoo bibi. Mwezi wa tatu nilinunua vifaranga sita wa silki, wale kuku wa manyoya kama sufi, hapa Arusha. Muuzaji aliniapia jogoo ni mmoja na matetea watano, wote bluu, wote "wa maonyesho". Sasa wana miezi minne na nusu na hakuna aliyewika. Mmoja ni mweusi tii. Mwingine ni mweupe mwenye mabaka ya kijivu, na mguu wake wa kushoto una vidole vinne. Mume wangu anasema nimeuziwa sungura. Nimeibiwa? Na yupo wa kupeleka Nane Nane?*
Mama Wawili, Sakina

Marahaba, Mama Wawili. Mwambie baba watoto sungura hatagi.

Anayekuapia jinsia ya kifaranga cha silki anabahatisha tu. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yote niliyofuga hapa Rau, niliwahi kumuuzia mwalimu mmoja "tetea" niliyemsifia mpaka jasho likanitoka. Wiki mbili baadaye akanipigia alfajiri. Hakusema neno, aliielekeza simu bandani: kokoriko! Nilimrudishia hela yake na trei ya mayai juu.

Kwa kuku wengine, kama kuchi au kishingo, ungetazama manyoya ya mgongoni karibu na mkia: ya jogoo ni marefu yenye ncha, ya koo yamekata mviringo. Kwa silki hilo halikusaidii sana, maana manyoya yake hayashikani. Yamekaa kama sufi iliyotoka kwenye mto. Sasa fanya hivi. Jioni wakishatulia, mpakate mmoja mmoja, lowesha kiganja, ulaze kishungi chake. Tetea kishungi ni duara, kama kofia iliyomkaa vizuri. Jogoo utamkuta na nyuzi ndefu zinazokimbilia kisogoni, kama nywele za mtu aliyepigwa na upepo juu ya bodaboda. Kisha tafuta upanga, kile kinyama kilicho juu ya pua. Wa jogoo huvimba, mpana, una vifundo kama tunda la forosadi, na rangi yake ni ya zambarau iliyoiva. Wa tetea hubaki kidogo, unaupapasa ndio unauona. Wenye dalili zote mbili wafunge uzi mguuni. Wengine wape mpaka miezi minane; wapo wanaonyamaza muda wote huo halafu siku moja wanakuumbua mbele ya wageni.

Kwenye rangi hujaibiwa. Bluu ya kuku, ambayo wewe na mimi tungeiita majivu, haizai bluu tupu. Baba bluu na mama bluu hutoa kwa wastani nusu bluu, robo weusi, na robo weupe wenye mabaka kama huyo wako. Wako wametoka kama inavyotarajiwa. Tena huyo wa mabaka ni mali: akikutana na mweusi, watoto wote ni bluu. Ila usimwozeshe ndugu yake, mtafutie mwenza kutoka banda jingine.

Maonyesho ni habari nyingine. Wamarekani wana kitabu cha viwango tangu 1874, na silki alikuwemo tangu mwanzo. Vidole ni vitano kila mguu, cha tano kimejitenga na kuelekea juu. Ngozi ni nyeusi. Fungua manyoya ya kidari uangalie mwenyewe. Ndewe zinapendeza zikiwa na rangi ya feruzi. Ukikuta upanga uliosimama wenye meno kama msumeno, hapo damu imechanganyika. Huyo wa vidole vinne basi si wa ushindani, ingawa pale Themi, viwanja vya Nane Nane, watoto watamgombania kuliko wote. Mpeleke tu. Siku ukimuuza, mwambie mnunuzi hesabu ya vidole kabla hajaihesabu yeye.

Waogeshe siku mbili kabla, kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya mtoto, na mchana, si jioni. Agosti ya Arusha unaijua, na silki aliyelowa hakauki upesi.

*Bibi, jogoo wangu ni kidimu, yule wa manyoya yaliyojikunja, na koo ni kidimu. Vifaranga wengine wamependeza, lakini wawili manyoya yanakatika, wako karibu uchi. Ni utitiri?*
Kijana wa Pasua

Wakague utitiri chini ya mbawa usiku, kwa tochi. Lakini nadhani kosa liko kwenye ndoa, mwanangu. Kifaranga akirithi ukidimu kwa mzazi mmoja, manyoya hujikunja vizuri. Akirithi kwa wote wawili, manyoya huwa membamba, yanakatika hovyo, na ngozi inabaki nje. Kidimu na kidimu hutoa wa namna hiyo kama mmoja kati ya wanne. Safari ijayo mpe jogoo wako koo wa manyoya ya kawaida yasiyojikunja, nusu ya watoto watatoka vidimu wazuri. Hao wawili wawekee balbu bandani, na asubuhi usiwatoe mpaka jua liwake.